Pistoni ya Mtani

Siku mashine ya kukereza vyuma ya mtani wangu iliposhushwa kwenye lori pale Kibiti, nilisimama upande wa pili wa barabara nikamwomba Mungu iwaponyoke. Nasema mapema ili msinifikirie mema nisiyostahili. Wanaume wanne waliibeba kwa kamba na miti miwili, ikawa inayumba, na macho yangu yalikuwa kwenye mikono yao tu. Haikuwaponyoka. Waliiingiza kibandani kwake, wakatoka wakijifuta jasho, naye akaniona, akanipungia mkono. Nami nikampungia, meno nje.

Mimi ni fundi cherehani, wa kuzitengeneza siyo wa kushona. Meza yangu iko barazani kwa duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na tangu niiweke pale sijawahi kukosa cherehani ya kufungua. Kazi hiyo inalisha nyumba yangu, sina manung'uniko nayo. Ila nina ugonjwa mwingine, na aliyeniambukiza ni mwenye duka. Siku moja ya mvua, hakuna mteja, alinionyesha kwenye simu yake mzee mmoja wa nchi za mbali aliyetengeneza injini ya kukaa kiganjani. Mzee alipitisha upepo kwa mpira mwembamba, kigurudumu kikaanza kuzunguka, pistoni ikawa inaingia na kutoka kama kitu chenye roho.

"Inafanya kazi gani?" mwenye duka akauliza.

"Haifanyi kazi yoyote."

"Sasa anaitengeneza ya nini, fundi?"

Nilimwomba anionyeshe tena, na kesho yake tena, mpaka akanirushia kwenye simu yangu apate kupumzika.

Yule mzee alikuwa na chumba kizima cha mashine. Mimi nilikuwa na jiliwa moja la kubania chuma, tupa tatu, msumeno wa chuma, keekee ya mkono ya kutobolea, na debe la vyuma ninavyotoa kwenye cherehani zilizokufa. Nikaanza na debe. Kwenye jiko bovu la mafuta, yale ya kupampu, nilikuta bomba la shaba, laini ndani, nikalikata likawa silinda. Ile fimbo inayobeba sindano ya cherehani, ambayo imenyooka kuliko chochote kinachouzwa madukani kwetu, ikawa mkono wa pistoni. Gurudumu nililitoa kwenye cherehani ya marehemu mama yangu. Mwili wake ulipasuka zamani, lakini gurudumu la kuzungushia kwa mkono lilibaki zima, zito, rangi yake nyeusi imelika upande mmoja kwa kiganja chake. Vingine vilikuwa nati za baiskeli, bati nene na waya. Kununua, nilinunua msasa tu.

Kilichonishinda ni pistoni. Pistoni ya injini kama hii haina ringi wala mpira. Ni kipande cha shaba, mviringo kamili, kinachotakiwa kuingia ndani ya silinda bila kubana na bila kupitisha pumzi. Nilifunga keekee kwenye jiliwa, nikabana kipande cha shaba mdomoni mwake, nikawa nazungusha kwa mkono mmoja na kupiga tupa kwa mwingine. Nilitoa tano, zote mayai. Ukiitia kwenye silinda na kupuliza, upepo unapita pembeni na kukurudia usoni. Niliamini kwamba mwenye mashine ya kukereza anaitoa pistoni hiyo kabla chai yake haijapoa, ndiyo maana lile lori liliniuma hivyo.

Tena bora angekuwa mtu mwingine. Huyu mtani ni mtu wa kusini, upande wa milimani. Wazazi wake walihamia jirani na Kibiti kulima ufuta, yeye akaangukia kwenye kutengeneza mashine za kusaga. Injini ndogo aliziona kwangu. Alikuja mezani akasimama, akatazama silinda yangu ya jiko, akasema, "Nifundishe na mie, mla kambale." Nikamfundisha. Nilimwonyesha kupiga tupa mpaka chuma kiwe bapa kweli: unapaka masizi ya kibatari kwenye kioo, unasugua chuma juu yake, palipoinuka panashika weusi, unapapiga tupa hapo tu, unafuta, unarudia. Alikuwa hana subira. Nilimwambia wala ming'oko, vile viazi pori vya kwao kusini, ndivyo walivyo, hawangojei chungu kichemke. Akacheka, akarudia. Nilipenda sana kuwa mwalimu wake.

Sisi watu wa delta, mto unapoingia baharini, na wao watu wa milimani ni watani, na utani una haki zake. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna la kufanya. Anachukua kitu chako unatazama, kuku, kofia, ndoo, anaondoka nacho, na kazi yako wewe ni kucheka. Ukikitaka unamfuata ukakikomboe kwa chochote kidogo, au unangoja zamu yako. Baba yangu alipofariki, bwana huyu alivaa koti la marehemu, akakaa chini katikati ya waombolezaji, akaigiza baba anavyokereza miguu ya vitanda: mguu mmoja umenyooshwa, mkono unavuta upinde, mdomo umepinda vilevile. Shangazi zangu walicheka huku wanalia. Na mimi niliyekuwa nimekauka tangu asubuhi, nililia vizuri kwa sababu yake. Koti hakulirudisha, wala hakuna aliyemwuliza.

Huyo ndiye aliyeuza ufuta msimu mmoja wenye bei, akaenda Dar, akarudi na mashine. Ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, lakini ni mashine. Wiki kadhaa sikukanyaga kwake. Nikipita nikaisikia inanguruma, naongeza mwendo. Umeme ukikatika mchana nilifurahi. Samaki wa watu wanaharibika kwenye friji, kinyozi amemwacha mteja nusu kichwa, na mimi natabasamu peke yangu kwa kuwa kuna mashine moja imenyamaza.

Aliyenipeleka, bila kujua, ni mke wangu. Alirudi kusaga mahindi akasema, "Mtani wako anaunda kile kidude chako. Cha kwake kinang'aa." Hakusema kwa ubaya. Unga ule nilikula ugali wake siku tatu na kila tonge lilinikwama.

Ijumaa baada ya swala nikaenda. Palikuwa na watu wanne watano wamekaa kwenye benchi nje ya kibanda. Mtani akaruka kunipokea, akafungua kitambaa, akatoa silinda na pistoni. Aliitia pistoni juu, akaziba tundu la chini kwa kidole gumba. Pistoni ikashuka polepole, imekalia pumzi iliyonaswa, polepole kiasi cha watu kuanza kuhesabu kwa sauti. Alipoondoa kidole ikamwangukia kiganjani.

"Mwezi mzima nimekaa nayo," akasema. "Nimeharibu kumi kabla ya hii. Siyo mashine, mtani. Ni yale masizi yako. Yamenifunza kungoja."

Angejisifu ningepona. Alinisifu mimi, mbele ya watu, na kitu chenyewe kimelala kiganjani kwake kinameta. Niliichukua ile pistoni nikaitia mfukoni.

"Imekwenda hii," nikasema kwa sauti ya utani.

Benchi zima likaangua kicheko. Naye akacheka, akichelewa kidogo. "Haya, mla kambale. Zamu yangu yaja."

Moyoni mwangu hapakuwa na utani hata chembe. Mtani huchukua kitu ili mwenyewe amfuate. Mimi nilitaka asiipate tena, na nilitaka injini yangu izunguke kabla ya yake. Nilitembea kurudi nyumbani mkono mfukoni, vidole vimeishika, nina furaha ya mwizi.

Nilipoitia kwenye silinda yangu, haikuingia. Niliipima kwa kalipa, kile kipimio cha unene, nikaipima silinda, vipimo sawasawa. Haikuingia. Kila siku nawagombeza mafundi wenzangu wasitoe chuma cha cherehani hii wakakipachika kwenye ile, kwamba vimezoeana kwa kusuguana na vina nyumba zao. Mimi huyohuyo nikachukua msasa. Nikasugua kidogo, nikajaribu. Kidogo tena. Ikaingia nusu, ikakwama. Nikasugua kwa hasira. Mara ikapita yote, ikatokea upande wa pili, ikaanguka sakafuni. Nilikuwa nimeila unene wake, tena siyo sawasawa. Haikufaa kwangu, na kwake haingefaa tena. Niliificha kwenye kopo la bobini nikaweka kopo juu kabisa ya kabati.

Nilikaa na aibu hiyo siku nyingi, na wivu ukiwa palepale haujapungua hata kidogo. Ndipo nikakumbuka kerezo ya baba.

Sijawahi kuisema kerezo hiyo kwa watu. Mjini nilikuwa nasema baba alikuwa seremala, basi. Ni kitu cha miti: nguzo mbili fupi, ncha mbili za chuma zinazotazamana, na upinde ambao kamba yake unaizungusha kwenye mti unaoukereza. Ukivuta upinde, mti unakujia na patasi inakula. Ukisukuma, mti unarudi nyuma na patasi inatakiwa iinuliwe. Mguu ndio unaoshikilia patasi isiteleze. Yaani nusu ya kila mwendo ni hasara. Nilipanda boti hadi kijijini kwetu, kwenye mikoko, nikaikuta kwa baba mdogo, kuku wanailalia.

"Vitanda siku hizi vya chuma," baba mdogo akasema. "Waitakia nini?"

"Nataka kukereza shaba."

Alinitazama, akawafukuza kuku, akaipangusa kwa kanzu yake.

Nilijifunza upya kukaa chini. Kiuno kiliuma, dole gumba la mguu lilichubuka, na mke wangu alikuwa akipita na ndoo anacheka waziwazi. Shaba niliipata kwenye koki mbovu ya bafuni. Baada ya upinde, umaliziaji niliutoa kwa mama: sufuria zake alizing'arisha kwa majivu ya pumba za mpunga. Nilichoma pumba, nikachekecha majivu kwa kipande cha kanga, nikayachanganya na mafuta ya cherehani, nikawa nasugua pistoni ndani ya silinda yake, nageuza, nafuta, natazama. Ya kwanza nikaharibu, ya pili nikaharibu. Ya tisa ilishuka polepole.

Nikaunga kila kitu. Upepo niliuhifadhi kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nikaujaza kwa pampu, nikafungua kidogo. Gurudumu la mama likasita, nikalisukuma kwa kidole, likaenda. Lilikwenda kweli, tak tak tak, juu ya meza yangu barazani, na mwenye duka akaacha mteja na kitambaa mkononi akatoka kuangalia. Watu wakajaa. Sasa furaha yangu haikutimia mpaka mtani aone. Nataka niwe mkweli: nilitaka aone aumie.

Alikuja. Alichuchumaa mbele ya meza, akaitazama kwa muda mrefu, uso wote ukafunguka.

"Kwa upinde wa mzee?"

"Kwa upinde."

"We mla kambale we." Akampiga begani mtu wa kando yake kwa furaha. Nilimtafuta wivu usoni, sikuuona. Mtu aliyekuwa na wivu pale barazani ni mmoja tu, na ndiye mwenye injini.

Akatoa kitambaa mfukoni, ndani yake mna ile silinda. "Leo zamu yangu. Nipe pistoni yangu nami nikuache. Sikutengeneza nyingine, nikajua unanitunzia."

Muda wote huo mashine yake ilikuwa pale, na chuma kilikuwapo. Alikuwa akiningoja kwa sababu ndivyo utani ulivyo. Nikaenda nyumbani, nikashusha kopo, nikarudi nayo. Nadhani nilitumaini asiijaribu mbele ya watu. Aliitia juu ya silinda, akaziba chini kwa kidole gumba, akawaambia watu wahesabu. Pistoni ikadondoka mpaka chini papo hapo. Mtu mmoja alikuwa ameshasema "moja", akanyamaza.

Mtani aliitoa, akaiinua kwenye mwanga, akaona mikwaruzo ya msasa. Akaigeuza mara mbili. Nilingoja tusi. Nilimwomba Mungu mtani anitukane, ukoo wangu, samaki wangu, matope yetu yote. Akaifunga kwenye kitambaa pamoja na silinda.

"Ahsante, fundi," akasema, akaondoka.

Tukikutana baada ya hapo ananiambia "Shikamoo, fundi," anasimama kidogo kwa adabu, anapita. Amenizidi mwili, nimemzidi miaka miwili mitatu, na siku zote tumekuwa tukisalimiana kwa matusi. Hiyo shikamoo ilikuwa inanichoma mpaka mgongoni. Shangazi yangu mkubwa alipofariki, alikuja mazikoni na kanzu safi, akakaa na wageni, akaitikia dua, akatoa rambirambi, akaenda zake. Hakuna aliyejifunga kanga ya marehemu wala kuigiza kikohozi chake. Bibi mmoja akaniuliza, "Mtani wenu leo mgonjwa?" Nikasema labda. Msiba ulikuwa kimya, watu wanatazama mikeka, na shangazi huyo alikuwa mtu wa kucheka.

Siku ya tatu yake nikaenda kibandani kwa mtani. Nilimkuta anakereza bushi, ile pete ya ndani ya mashine ya kusaga. Alizima.

"Naomba ile silinda," nikasema. "Nikuchongee pistoni."

Hakuniuliza kwa nini niichonge mimi, ilhali yeye ndiye mwenye mashine. Alinipa silinda kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni maji. "Chukua, fundi."

Ilinichukua wiki sita. Msidhani wivu ulikwisha. Nikikaa chini na upinde wangu, upepo ukivuma kutoka kwake naisikia ile mashine, inafanya kwa dakika ninachofanya kwa siku, nami navuta na kusukuma, navuta na kusukuma. Mara mbili niliipima silinda yake nikaona ni bora kuliko yangu, nikawaza kuifunga kwenye injini yangu niseme imepotea. Sikufanya hivyo, lakini niliwaza. Pistoni ya kwanza iliyoshuka vizuri niliitupa kwa kuwa niliona inaweza kushuka vizuri zaidi. Mke wangu akasema sijawahi kujitesa namna ile kwa kitu cha nyumbani kwangu mwenyewe.

Nilipotosheka nikamtumia mtani salamu. Akaja barazani adhuhuri, jua la kuchoma utosi, na amevaa koti la baba. Sikuelewa. Nikampa kitambaa. Injini yangu ilikuwa mezani inazunguka taratibu, nilikuwa nimeijaza upepo ili kuwe na sauti yoyote ile. Akatia pistoni, akaziba kwa kidole. Watu waliokuwapo wakahesabu, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Walifika mbali kuliko siku ile ya kwanza, mbali sana, mpaka mwenye duka akapoteza hesabu akaanza upya. Pistoni ilipofika chini mtani akakohoa, akaifunga kwenye kitambaa, akasimama.

"Ahsante, fundi."

Basi, nikajua imekwisha. Nikainama nikajifanya natafuta nati chini ya meza, kwa sababu macho yalikuwa yananisaliti.

Niliposikia injini imenyamaza nikainua kichwa. Mtani alikuwa ameishika kwa mkono mmoja, kwa mwingine anafungua nati kwa spana yangu mwenyewe. Akalichomoa gurudumu la mama, akalipima uzito kiganjani, akalitumbukiza kwenye mfuko wa koti la baba. Koti likainama upande mmoja.

"Zuri hili," akasema. "Wala kambale matopeni kwenu mtalizungusha wapi."

Akateremka ngazi za baraza, akavuka barabara bila kugeuka, mkono juu ya mfuko.

Mke wangu alikuwa amekuja na chakula changu, ameona yote. Akanikuta nimekaa mbele ya injini isiyo na gurudumu, nacheka mpaka machozi.

"Si la mama yako lile?"

"Ndilo."

"Na unacheka. Utalifuata lini?"

"Kesho," nikamwambia. "Asubuhi kabisa."